Ndoa Ilifungwa Saa Ngapi?

"Sasa hapo ndiyo ameshaozwa?"

Mama alikuwa ameivuta simu karibu na miwani yake, anatazama video ya harusi ya rafiki yangu kule Vietnam. Vijana wamejipanga mbele ya lango la makuti, kila mmoja na sinia jekundu lenye mfuniko. Nikamwambia bado. Akaendelea kutazama. Wazee wanamiminiwa chai. "Na hapa?" Bado. Mishumaa miwili minene inawashwa taratibu. "Hapa je?" Nikasema labda. Bibi harusi akavishwa hereni, watu wakapiga makofi, magari yakaondoka. Video ikaisha.

"Mbona sijaona ndoa ikifungwa? Ilifungwa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na nilikuwepo.

Swali lile limenikalia kichwani wiki hadi wiki. Nimepanda nalo daladala, nimelala nalo, nimemwandikia rafiki yangu, na kupitia kwake nimewauliza ndugu zake. Kila mmoja amenijibu lake. Majibu yao yamenirudisha kwenye siku ile, na sasa naiona kwa namna ambayo sikuiona nilipokuwa ndani yake.

Kwetu saa inajulikana

Mimi ni mtu wa Pangani, pwani ya Tanzania, na kwetu ndoa ina dakika yake. Hotuba imeshasomwa, walii anampa bwana harusi mkono, anamwambia nimekuozesha fulani kwa mahari kadhaa, na bwana harusi anajibu kwamba amekubali. Mashahidi wamesikia. Bibi harusi yuko ndani na wanawake wenzake. Alishaulizwa ridhaa yake, sasa anangoja. Habari inapita mlangoni, vigelegele vinapaa, na hata jirani ambaye hakupata kadi anajua kwamba tayari. Kwa Wakristo wetu, "ndiyo" ya mbele ya padri au mchungaji hufanya kazi hiyohiyo. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawatambua viongozi wa dini wenye leseni kuwa wafungishaji, kwa hiyo dini na serikali humalizana hapohapo.

Dakika hiyo ndiyo niliyokwenda kuingoja Vietnam, bila kujua kwamba naingoja.

Serikali ya kule ina jibu lake, na ni fupi. Kwa Sheria ya Ndoa na Familia ya mwaka 2014, ndoa inayotambuliwa ni ile iliyosajiliwa kwenye ofisi ya serikali. Mwanamume awe ametimiza miaka 20, mwanamke 18, na wote wawili wafike wenyewe kuweka sahihi. Rafiki yangu na mwenzake walikuwa wameshasaini muda mrefu kabla ya harusi, wamevaa mashati ya kazini, kisha kila mmoja akarudi kulala kwao. Vyeti vikakaa kabatini. Nilipomuuliza kama siku ile alijiona mke wa mtu, alisema alijiona mtu aliyemaliza shughuli ya karatasi.

Kwa hiyo si pale.

Lango la makuti

Kwao rafiki yangu ni Bến Tre, kusini mwa Vietnam, nchi ya minazi. Tangu Julai 2025 imeunganishwa ndani ya mkoa wa Vĩnh Long, lakini wenyewe bado wanasema Bến Tre. Ukivuka daraja la Rạch Miễu kutoka Mỹ Tho, minazi inakupokea kulia na kushoto, na mifereji inapita nyuma ya nyumba za watu. Mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa harufu ya makumbi yaliyolowa.

Na rafiki yangu tulikaa chumba kimoja cha bweni tulipokuwa tukisoma China, na mpaka leo Kichina ndicho kinachotuunganisha. Nilifika kwao jioni ya kuamkia harusi, jioni wanayoiita nhóm họ, ukoo unapokusanyika. Turubai limeshafungwa uani, majirani wanamenya na kukatakata, watoto wanazagaa chini ya meza. Wakati huo vijana na wazee walikuwa wanajenga lango.

Lango lile lilinishika. Nguzo zake vigogo vya migomba, na juu yake makuti machanga, yale ya manjano ambayo hayajafunguka. Mzee mmoja aliketi kwenye kigoda akisuka ndege wa harusi, phụng, mwenye mkia mrefu. Anaupasua ukuti kwa kucha ya gumba, anauvuta uti wake nje kwa mkupuo mmoja, anakunja, anapitisha, anakaza kwa meno. Nilikaa kando yake, nikachukua kuti lililobaki, nikasuka kumba kama nilivyofundishwa utotoni. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana. Aliigeuza kazi yangu pande zote mbili, akaifunga upande wa ndani wa lango.

Usiku spika zilifunguliwa. Wengine waliimba nyimbo za kisasa, lakini mama mmoja jirani alipoanza vọng cổ, ule wimbo wa kusini unaovutwa na kuvutwa mpaka mwisho wa mstari, watu waliacha kula. Aliyewahi kukaa kwenye taarabu ya zamani anakijua kimya cha namna hiyo.

Chakula changu hakikuwa tatizo, na hilo nalishukuru hadi leo. Watu wengi wa kule hujizuia nyama siku ya 1 na ya 15 ya mwezi mwandamo, kwa hiyo shangazi yake rafiki yangu aliposikia kwamba sili nguruwe hakushangaa wala hakuuliza mara mbili. Alitenga sufuria yake.

Sinia langu

Kusini mwa Vietnam masinia ya harusi huwa shufwa: 6, 8, 10. Kaskazini, upande wa Hanoi, masinia huwa witiri, ila vilivyomo ndani ndivyo vinavyohesabiwa viwiliviwili. Vijana wasiooa upande wa bwana harusi huyaleta, na wasichana wasioolewa upande wa bibi harusi, idadi ileile, huyapokea. Ndani mna chai, pombe, matunda, keki ndogo za bánh phu thê zinazofungwa jozijozi kwa ajili ya mume na mke, wali wa kunata uliopakwa wekundu wa tunda la gấc, na nguruwe mzima wa kuokwa.

Rafiki yangu alishapanga nani kati yetu wasichana atapokea nini. Nguruwe alipewa binamu yake. Mimi nilipewa tambuu na popoo.

Sikuwa nimeambiwa. Kijana aliyenikabidhi aliinamisha kichwa, mikono yetu minne ikashika sinia moja kwa muda mfupi, na chini ya kile kitambaa chekundu nikaisikia harufu ya kijaluba cha bibi yangu. Bibi mzaa mama hakuwahi kuanza jambo zito bila tambuu. Alipaka chokaa kwenye jani kwa kidole cha shahada, akaweka kipande cha popoo, akakunja, akakitia shavuni, ndipo akasema kilichomleta. Wavietnamu wana msemo kwamba tambuu ndilo linaloanzisha mazungumzo. Bibi angeukubali.

Kisa chao cha tambuu kinahuzunisha, na bado ndicho wanachokipeleka harusini. Ndugu wawili waliofanana sana, mkubwa akaoa, mdogo akajiona amesahauliwa, akaondoka, akafa kando ya mto na kugeuka jiwe la chokaa. Kaka akamfuata, akafa akawa mpopoo. Mke akamfuata mumewe, akawa mtambuu unaoupanda ule mti. Ukivitafuna vyote vitatu pamoja mate yanakuwa mekundu. Wakulima wa kule huuza popoo za harusi zikiwa bado kwenye kichala chake, na familia nyingi hutaka 105: mia ni miaka mia ya kuishi pamoja, na nyongeza juu yake.

Kwa kitambo nilifikiri ndoa imefungwa pale langoni, mikono minne juu ya sinia moja. Lakini bibi harusi alikuwa bado chumbani, mlango umefungwa.

Mishumaa

Katika nyumba zile chumba cha mbele ni cha waliotangulia. Ukiingia mlango mkuu unakutana ana kwa ana na meza ndefu ya mbao, picha za babu na bibi, matunda, na bakuli la majivu la kuchomekea udi.

Msemaji wa upande wa bwana harusi, mjomba wake mkubwa, aliomba ruhusa ya kuingia. Akaomba ruhusa ya kufunua masinia. Akaomba ruhusa bibi harusi atolewe nje. Kila mara alingoja ajibiwe, ingawa kila aliyekuwemo alijua jibu. Nilimpenda sana mzee yule. Niliwakumbuka washenga wetu wanaojua kuzunguka mbuyu mzima kabla ya kusema wamefuata nini, na nikafikiri jinsi tunavyowaharakisha siku hizi kwa sababu ukumbi umelipiwa hadi saa fulani.

Bibi harusi alitoka akiwa na áo dài nyekundu, ile kanzu yao ndefu, na kile kilemba chao cha duara. Alinitazama, akatazama chini.

Kisha feni zikazimwa.

Joto la bonde la Mekong likatushukia sote. Mzee aliichukua mishumaa miwili, mmoja una nakshi ya joka na mwingine ya phụng, akaielekeza yote kwa pamoja kwenye taa ndogo iliyokuwa ikiwaka mezani, akangoja tambi zishike. Hii ndiyo lên đèn, na kwa watu wa kusini ndicho kitendo kizito kuliko vyote. Moto unapaswa kupanda sawa. Mmoja ukirefuka na mwingine ukainama, watu watasema mmoja atamtawala mwenzake. Tone la jasho lilitoka nyuma ya sikio la mzee, likapita shingoni, likaingia kwenye kola. Hakulifuta. Mikono yake haikutikisika. Aliitenganisha ile mishumaa kidogokidogo mpaka mmoja ukasimama kushoto na mwingine kulia, na pumzi za watu zikasikika.

Nilipomfikishia swali la mama, mjomba huyo alijibu bila kusita: hapo.

Udi

Ningelikubali jibu lake kama si kilichofuata. Baada ya mishumaa, bwana na bibi harusi walipewa vijiti vya udi, wakasimama mbele ya ile meza, wakainama.

Mimi nilisimama ukutani.

Jambo hilo lilikuwa limenitia hofu tangu nilipopata mwaliko. Udi naufahamu, kwetu hakuna harusi bila chetezo. Lakini udi wa kuelekezwa kwa picha za marehemu? Mimi ni Muislamu, na mpaka wangu naujua. Rafiki yangu alimweleza baba yake mapema, na baba akasema nisimame mahali ambapo moyo wangu umetulia. Siku ilipofika hakuna aliyegeuka kunitazama.

Sikushika kijiti, na nikialikwa tena leo sitashika. Hata hivyo, moyoni niliingia chumba kile nikiwa nimeshakihukumu, na hukumu hiyo haikudumu. Rafiki yangu alinitafsiria baadaye maneno aliyosema baba yake pale mezani. Alitaja jina la binti, alitaja anakwenda nyumba ya nani, akawaomba wazee wamfahamu mkwe. Ilikuwa taarifa. Si mimi peke yangu niliyewahi kuhangaishwa na jambo hili: Wakatoliki wa Vietnam walikatazwa kwa vizazi vingi, mpaka maaskofu wao waliporuhusu heshima kama hizo kwa wahenga katikati ya miaka ya 1960. Na upande wa Châu Đốc wako Waislamu wa Kicham, raia wa nchi hiyohiyo, ambao kwao ndoa ni nikahi kama yetu.

Kwetu mashahidi ni wawili na wako hai. Katika nyumba ile mashahidi wakubwa walikuwa kwenye picha, na ukoo mzima ulijipanga kuhakikisha wameambiwa.

Hilo sikumweleza mama vizuri. Nitajaribu tena.

Hereni, na sauti iliyoondoka

Mama mzazi wa rafiki yangu anasema ndoa ilifungwa kwenye hereni. Kwa desturi ya kusini mama mkwe humvisha mkamwana hereni za dhahabu kwa mkono wake mwenyewe. Yule mama mkwe alikuwa anatetemeka, hakuliona tundu la sikio. Alijaribu, akavuta pumzi, akajaribu tena, mpaka bibi harusi akapandisha mkono wake na kuuongoza ule wa mama mkwe. Makofi yakalipuka. Nilimtazama mama mzazi. Alikuwa anapiga makofi nusu, mikono haigusani vizuri.

Katika familia nyingi mama wa bibi harusi hasindikizi msafara. Yeye hakusindikiza. Binti huambiwa asigeuke nyuma akishatoka, na hakugeuka. Baba, wajomba, shangazi na marafiki waliingia kwenye magari. Mimi niliomba kubaki na mama. Tulikusanya vikombe. Bibi mmoja wa jirani alikuja kukaa nasi, na ndiye aliyenieleza kilichokuwa kikinipungukia masikioni siku nzima.

Zamani, alisema kupitia kwa binamu aliyetafsiri, ungesikia fataki. Mikufu mirefu ya fataki nyekundu ilining'inizwa langoni, ikawashwa msafara ulipofika na ulipoondoka, na uwanja mzima ukabaki umetandikwa karatasi nyekundu. Mtoto wa ng'ambo ya mto alijua nani ameolewa. Serikali ilizipiga marufuku kuanzia Januari 1995 kwa sababu ya watu waliokuwa wakiungua na kufa. Bibi hakulalamika, alisema alimjua mtu aliyepoteza vidole. Lakini alisema pia kwamba tangu hapo harusi huisha bila mtu wa mbali kujua.

Vigelegele vyao, basi, vilikuwepo, na vilinyamaza.

Kinachorudishwa

Jibu langu mwenyewe linatoka jikoni.

Kabla msafara haujaondoka, masinia yalipelekwa nyuma ya nyumba, na sisi wasichana tuliitwa kusaidia. Desturi inaitwa lại quả. Upande wa bibi harusi hauchukui kila kilicholetwa. Sehemu ya kila sinia hurudishwa: matunda kiasi, keki kiasi, chai, na kwenye sinia langu popoo na majani ya tambuu. Binti mmoja alishika mkasi akate kichala. Shangazi akautoa mkononi mwake bila neno, akashika kile kikonyo kwa vidole na kukisokota mpaka kikaachia. Kichala hakikatwi kwa chuma siku hiyo. Kikonyo cha mpopoo ni kigumu. Shangazi alitumia nguvu, akaumia kidogo kwenye kucha, akaendelea. Mifuniko ikarudishwa imelazwa chali, isifunike.

Nilikuwa nimeshaona kupokea. Kupokea kunafanana sana na kununua, na wote tunajua vikao vya mahari vinavyoweza kugeuka soko, huku mjomba mmoja akipandisha na mwingine akishusha. Pale jikoni niliona nyumba iliyotoa binti inatoa tena. Watu waliofika na masinia mazito waliondoka nayo yakiwa na uzito, na hakuna aliyeweza kusema amemaliza deni. Mnunuzi harudishiwi nusu ya fedha yake kwa mapenzi. Ndugu ndio wanaogawana.

Nikashikilia hivyo: ndoa ilifungwa pale, vidole vya shangazi vilipokikata kile kichala.

Jibu lake

Rafiki yangu hakukubaliana nami.

Aliniandikia ujumbe mrefu. Alisema kwenye mishumaa alikuwa anawaza kama kilemba kitaanguka. Kwenye hereni alimhurumia mama mkwe. Karamu ya jioni haikumbuki: meza za watu kumi kumi, wao wawili wakipita kila meza, watu wakihesabu moja, mbili, tatu na kuinua glasi, bahasha zikijaa sandukuni, majina yakiandikwa ili siku moja zirudishwe kwa wenyewe.

Anasema aliolewa siku ya phản bái, walipokwenda kuwasalimu wazazi wake baada ya harusi. Walibeba bata wawili, kama ilivyo desturi. Mama yake akapika uji wa bata. Walipomaliza kula, rafiki yangu alinyanyuka kukusanya bakuli kama alivyofanya maisha yake yote, na mama yake akamwambia akae, leo yeye ni mgeni.

"Hapo," ameandika. "Nilikaa."

Halafu akanigeuzia swali. Kwenu, amesema, bibi harusi yuko chumba kingine wakati wanaume wanapeana mikono. Anawezaje kujua? Yeye anaolewa saa ngapi?

Nimeanza kuwauliza wanawake wa kwetu. Shangazi yangu mmoja alinikata kauli: ndoa ni nikahi, mengine ni maisha. Jirani yetu alisema ni vigelegele, kwamba alivisikia akapoa mwili mzima. Dada yangu mkubwa alifikiri kwa muda. Alisema yeye aliolewa miezi kadhaa baada ya harusi, asubuhi mama mkwe alipompa pochi ya nyumba na kumtuma sokoni bila kumwambia anunue nini.

Nimemtumia rafiki yangu jibu hilo. Amejibu haraka, anataka kujua dada alinunua nini.